Anajua sigara inamuua, mbona haachi? Mazungumzo ya kuamsha ari kwa mgonjwa wa moyo

Muulize mtu aliyewahi kupata mshtuko wa moyo kama sigara ina madhara. Atakueleza vizuri kuliko bango la hospitali. Atakutajia mishipa iliyoziba, atakutajia damu kuganda, pengine atakuonyesha mahali kwenye mkono walipopitisha mrija wa kumwekea stenti, kile kifaa kidogo cha kuuacha wazi mshipa wa moyo. Kisha akitoka nje atawasha sigara.

Wenye hali hii ni wengi. Utafiti mkubwa uitwao PURE, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, uliwaangalia watu zaidi ya 7,500 kutoka nchi 17 waliokuwa wamewahi kuugua mishipa ya moyo au kiharusi. Mambo yaliyopimwa yalikuwa matatu tu: kutovuta sigara, kula vizuri na kuushughulisha mwili vya kutosha. Waliofanya yote matatu walikuwa asilimia 4.3. Takriban asilimia 14 hawakufanya hata moja, na karibu mmoja kati ya watano alikuwa bado anavuta.

Faida wanayoikosa si ndogo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wagonjwa wa mishipa ya moyo walioacha sigara walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa takriban asilimia 36 kuliko wale walioendelea kuvuta. Ni dawa chache za moyo zinazofikia kiwango hicho.

Mhudumu wa afya anayeyajua haya yote, akikutana na mgonjwa ambaye habadiliki, huongeza sauti. Hurudia maelezo, hutaja kifo, huwataja watoto. Akichoka, hufunga faili na kusema kimoyomoyo kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo naipinga, angalau inapotumiwa ndani ya chumba cha daktari. Sikio la mgonjwa huyu linasikia vizuri sana. Sauti ambayo halijapata kuisikia ni ya mwenye sikio, akizitaja kwa kinywa chake sababu zake za kubadilika. Njia ya kumsaidia afike hapo ipo, imefanyiwa utafiti kwa miaka zaidi ya arobaini, na inaitwa mazungumzo ya kuamsha ari.

Mashauriano yanavyoharibika

Mazungumzo yafuatayo nimeyatunga, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki atayatambua.

— Mzee, bado unavuta?

— Kidogo tu, daktari.

— Kidogo! Sehemu ya moyo wako imeshakufa, mzee. Ukiendelea hivi hufiki mbali.

— Lakini nimepunguza. Na marehemu baba alivuta mpaka uzeeni.

— Baba yako si wewe. Kuna dawa za kukusaidia kuacha. Nikuandikie?

— Nimesikia zinaleta ndoto za ajabu.

— Si kwa kila mtu. Hebu wafikirie wanao.

— Sawa, daktari. Nimekuelewa.

Daktari hakusema uongo hata mara moja, na kila alichokisema kilitoka kwenye nia njema. Ila tazama nani alishika upande gani. Daktari aliitetea hoja ya kuacha sigara tangu mwanzo mpaka mwisho, na mgonjwa akabakiwa na upande mmoja tu wa kuutetea: kuendelea kuvuta. Akautetea. Alipotoka alikuwa amejisikia kwa masikio yake akieleza kwa nini sigara si tatizo kubwa kwake. Ile "sawa, daktari" ya mwishoni haikuwa makubaliano. Ilikuwa njia ya heshima ya kuomba kuondoka.

Saikolojia ina maelezo mawili ya jambo hili. La kwanza ni la Jack Brehm, aliyeandika mwaka 1966 kwamba mtu akihisi uhuru wake wa kuamua unabanwa huinuka kuulinda, hata kama jambo analolilinda linamdhuru. La pili ni la Daryl Bem, aliyeonyesha kwamba sisi wanadamu hatuzijui imani zetu kikamilifu kabla ya kusema. Kwa sehemu tunazijua kwa kujisikia tukizisema. Yaunganishe mawili hayo upate hesabu ya mashauriano yale: mgonjwa alibanwa, akajitetea, na katika kujitetea akajiaminisha zaidi.

Vipimo vimethibitisha hayo. Mwaka 1985, Gerald Patterson na Marion Forgatch walichunguza vikao ambamo washauri walibadilisha mtindo kwa makusudi, mara wakifundisha na kusahihisha, mara wakiunga mkono na kusikiliza. Ukinzani wa waliohudumiwa ulipanda na kushuka kufuatana na mtindo wa mshauri. Mwaka 1993 William Miller na wenzake wakaonyesha kwa watu wenye tatizo la pombe kwamba kadiri mshauri alivyomkabili mteja kwa ukali, ndivyo mteja alivyokunywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Maana yake ni kwamba ukaidi tunaomhesabia mgonjwa kama tabia yake, kwa sehemu kubwa tunautengeneza sisi tulio mbele yake.

Msukumo wa kurekebisha

Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, aliifikia njia hii mwaka 1982 akiwa Norway, katika kliniki ya walevi karibu na Bergen. Vijana aliokuwa akiwafundisha walimsimamisha kila mara wakiuliza: kwa nini umejibu hivyo na si vile? Katika kujieleza akagundua kwamba alikuwa na kanuni ambazo hakuwahi kuziandika. Akaziandika, na makala yake ikatoka mwaka 1983. Baadaye alikutana na mwanasaikolojia mwenzake, Stephen Rollnick, na kitabu chao cha kwanza cha pamoja kikatoka mwaka 1991. Rollnick ndiye hasa aliyeipeleka njia hii hospitalini, kwa wagonjwa wa kisukari, wa moyo na wengine wenye maradhi ya muda mrefu.

Wawili hao waliipa jina hamu ile ya mhudumu ya kunyoosha kila anachokiona kimepinda. Hapa nitaiita msukumo wa kurekebisha. Hautokani na kiburi. Unatokana na huruma: umeona picha ya moyo wa huyu mtu, unajua kitakachofuata, utanyamazaje? Ugumu uko kwa mgonjwa, ambaye kwa kawaida ana nia mbili ndani yake kwa wakati mmoja. Anataka kuacha, na hataki. Anaiogopa sigara, na ndiyo inayomtuliza. Nia hizo mbili ni kama watu wanaovutana kamba kifuani mwake, na daktari akishika ncha moja na kuvuta, mgonjwa huhamia ncha ya pili kwa nguvu zote.

Mhudumu anayeitumia njia hii huiachia kamba. Hakati tamaa, wala hajifanyi kwamba hana maoni. Anajua anakotaka mazungumzo yafike, lakini anakubali kwamba anayefanya safari ni mwingine, na kwamba huyo mwingine anayajua maisha yake kuliko mtu yeyote. Miller aliathiriwa sana na mwanasaikolojia Carl Rogers, aliyeamini kwamba mtu hubadilika anapokubaliwa kwanza jinsi alivyo. Mhudumu akikosa imani hiyo, mbinu zote zinazofuata zitageuka hila, na wagonjwa huinusa hila upesi.

Kusikiliza ni kazi

Mwaka 1984 watafiti Beckman na Frankel walipima muda ambao madaktari waliwapa wagonjwa kueleza shida zao kabla ya kuwakatiza. Wastani ulikuwa sekunde 18. Katika sekunde 18 mgonjwa wa moyo hajamaliza hata kueleza alivyopumua usiku.

Turudi kwa mzee yule yule, kwa mlango mwingine.

— Mzee, nimeona kwenye faili kwamba sigara bado ipo. Leo sitaki kukuhubiria. Nataka kusikia kwako: ina nafasi gani katika siku yako?

— Nitakuambia ukweli, daktari. Ile ya asubuhi na ile ya kutoka kazini, hizo ndizo ngumu. Nyingine nimeshaziacha.

— Nyingi umeziacha. Zimebaki mbili zinazokung'ang'ania.

— Ndiyo. Ilikuwa pakiti nzima. Nilipolazwa nikaogopa.

— Kulazwa kulikushtua.

— Sana. Na si mimi tu. Yule binti yangu mdogo kila nikikohoa anakuja kunitazama. Sipendi anitazame vile.

— Ungependa akutazame bila hofu.

— Nataka nimwone anamaliza shule, daktari.

Daktari aliuliza swali moja tu, tena lile ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Baada ya hapo alirudisha alichokisikia, kila mara akikisogeza mbele hatua ndogo. Kurudisha huko ndiko kiini cha ufundi wote, na ndiko kugumu kuliko vyote. Aliposema "kulazwa kulikushtua" hakuwa anauliza. Kiswahili kina mtego wake hapa, kwa kuwa sentensi hiyo hiyo ukiipandisha sauti mwishoni inakuwa swali, na ukiishusha inakuwa kauli. Iliyopandishwa humfanya mgonjwa ajihisi anahojiwa na huvuta jibu fupi. Iliyoshushwa humwambia kwamba nimekufikia, endelea. Wanaojifunza kazi hii hutumia muda mrefu kujizoeza kushusha sauti.

Ilitumika pia kauli ya kutambua juhudi: "nyingi umeziacha". Kutambua juhudi ni tofauti na kusifu. Anayesema "hongera, nimefurahi sana" anamweka mgonjwa chini ya hukumu yake, na kesho mgonjwa akianguka atamficha. Anayetaja jambo halisi ambalo mgonjwa amelifanya, bila kujiweka katikati, anamwachia mwenyewe umiliki wa jambo hilo.

Lakini bado kuna jambo zito kitabibu. Mzee anaamini kwamba sigara mbili ni salama, au karibu na salama, na daktari anajua sivyo. Je, kwa kuwa hahubiri, anyamaze? Hasha. Njia hii haimkatazi kutoa taarifa. Inampangia utaratibu wa kuitoa: omba ruhusa, eleza kwa ufupi, kisha uliza mgonjwa ameipokeaje.

— Kuna jambo ningependa kukueleza kuhusu hizo mbili zilizobaki, ukiniruhusu.

— Niambie tu.

— Kwa moyo, kupunguza hakusaidii kwa kiasi ambacho wengi hudhani. Utafiti unaonyesha kwamba anayevuta moja kwa siku bado anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada aliyonayo anayevuta ishirini. Hilo unalionaje?

— Mimi nilidhani nimeshatoka hatarini.

— Umefanya kazi kubwa, na ulitarajia iwe imetosha.

— Basi hizo mbili ndizo za kumalizana nazo.

Takwimu ile ni ya kweli, ilichapishwa mwaka 2018 baada ya kuunganisha tafiti nyingi za uvutaji mdogo. Daktari angeweza kuitupa mwanzoni kabisa kama onyo. Ingegonga ukuta. Ilipokuja baada ya mzee kumtaja binti yake, na baada ya kuruhusiwa, ilikuta mlango wazi.

Maneno ya kutegea sikio

Mhudumu anaposikiliza namna hii hasikilizi kila kitu kwa uzito sawa. Ndani ya maneno ya mgonjwa anatafuta vipande vinavyoelekea kwenye mabadiliko. Vingine huonyesha hamu: natamani, ningependa. Vingine huonyesha uwezo: nikiamua naweza, niliwahi kukaa mwezi mzima. Viko vya sababu, kama yule binti, na viko vya ulazima: inabidi, siwezi kuendelea hivi. Hivi vyote ni maandalizi. Baadaye, mazungumzo yakienda vizuri, huja maneno mazito zaidi: nitaanza Jumatatu, niko tayari, jana nilikigawa kiberiti changu.

Utafiti wa Paul Amrhein na wenzake wa mwaka 2003, uliofanywa kwa watumiaji wa dawa za kulevya, ulionyesha kwamba nguvu ya maneno ya kujifunga, hasa yanapozidi kukaza kuelekea mwisho wa kikao, inaendana na mabadiliko halisi yanayofuata. Kuna umbali kati ya "nitajaribu" na "nitafanya". Kwa hiyo mhudumu akisikia kipande dhaifu hukiokota na kukipa nafasi ikue: eleza zaidi, ulipokaa mwezi mzima bila sigara ulifanyaje? Akisikia kipande cha upande wa pili, kwa mfano "bila sigara kichwa hakifanyi kazi", hakipuuzi wala hakipingi. Anakipokea kwa heshima, kisha hajengi nyumba juu yake.

Kifaa kimoja kidogo hurahisisha kazi hii: kipimo cha sifuri hadi kumi. Nikipe mfano wa mazoezi, maana huko wagonjwa wa moyo wana shida ambayo watu wengine hawana.

— Mama, kutembea nusu saa kila siku, kwako kuna umuhimu kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi?

— Naona nane.

— Na uhakika kwamba utaweza?

— Hapo sista, labda tatu.

— Kwa nini tatu na si sifuri?

Muuguzi angeuliza "kwa nini si tisa?" angepewa orodha ya vizuizi. Alipouliza kwa nini si sifuri, mama alilazimika kutafuta uwezo wake. Akasema kwamba huenda sokoni kwa miguu na kurudi, ila kwenye kilima husimama mara kwa mara, moyo ukidunda anaogopa utasimama kabisa.

Hapo ndipo penyewe. Shida ya huyu mama si uvivu wala kutojua umuhimu, ambao ameupa nane. Ni woga, na woga huu unawakumba wengi waliowahi kupata mshtuko wa moyo, kwa sababu kila mpigo wa haraka unawakumbusha siku ile. Hotuba ya faida za mazoezi isingemfaa kitu. Kinachomfaa ni kuambiwa, kwa ruhusa yake, kwamba mazoezi yanayosimamiwa ni tiba yenyewe: uchambuzi wa majaribio 85 ya ukarabati wa moyo unaotumia mazoezi umeonyesha kupungua kwa vifo vya ugonjwa wa moyo kwa takriban robo. Kinachomfaa zaidi ni kuanza kutembea mahali penye mtu anayempima mapigo, akafundishwa kutofautisha moyo unaofanya kazi na moyo unaolalamika. Bila lile tatu kuulizwa, mama angeandikiwa "mazoezi dakika 30" na angekaa nyumbani.

Vidonge, chumvi na mengine yote kwa pamoja

Mgonjwa wa moyo hapewi badiliko moja. Hupewa sita kwa siku moja: acha sigara, punguza chumvi, punguza mafuta, tembea, punguza uzito, meza vidonge hivi vitano maisha yako yote. Orodha kama hiyo ingemwelemea mtu mwenye nguvu zake timamu, sembuse aliyetoka kulazwa. Katika mazungumzo ya kuamsha ari, mhudumu huyaweka yote mezani na kumuuliza mgonjwa angependa kuanzia wapi. Huwa nasikia pingamizi hapa: je, akichagua chumvi wakati sigara ndiyo inayomuua? Jibu langu ni kwamba mwambie waziwazi unavyoona wewe, mara moja, kisha muanze na chumvi. Mgonjwa aliyerudi baada ya wiki nne akiwa amefanikiwa jambo alilolichagua ana sababu ya kurudi tena. Yule aliyebebeshwa jambo usilompa nafasi ya kulikubali, pengine hutamwona.

Dawa zinastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata katika nchi tajiri, wanaofuata matibabu ya maradhi ya muda mrefu ipasavyo ni takriban nusu tu. Mhudumu akiuliza "dawa unameza?" atajibiwa ndiyo. Akisema "watu wengi huona vigumu kumeza vidonge vyote kila siku, kwako hali ikoje?", hapo ndipo mambo hutoka. Mgonjwa wa moyo uliodhoofika atamwambia kwamba kidonge cha kukojoza hakimezi siku za safari, kwa kuwa ndani ya basi hakuna choo, na aibu yake ni kubwa kuliko uvimbe wa miguu. Huyo hana tatizo la ari hata kidogo. Ana tatizo la ratiba, na pengine daktari anaweza kumsogezea saa ya kumeza. Kusikiliza kumekuokoa usimhamasishe mtu ambaye ameshahamasika.

Mwingine atasema ameacha dawa ya shinikizo kwa sababu anajisikia mzima. Mwingine atasema anaogopa mwili utaizoea. Kila jibu lina njia yake, na hakuna hata moja linalofunguliwa na "lazima umeze".

Mahali pasipofaa

Mtu akiwa na maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi, hakuna cha kuuliza anajionaje. Apelekwe hospitali upesi. Vilevile aliyewekewa stenti hivi karibuni na ameacha dawa za kuzuia damu kuganda anastahili kuambiwa bila kuzungusha, dakika ile ile, kwamba stenti inaweza kuziba ghafla. Heshima haipingani na uwazi.

Aliyekwisha kuamua naye hahitaji kuamshwa. Mgonjwa akiingia akisema "nimeacha juzi, nisaidie nisirudi", ukianza kumuuliza faida na hasara za sigara unamrudisha nyuma. Mpe mpango, mpe dawa, mpe tarehe ya kurudi.

Na yapo maamuzi ambayo mhudumu hapaswi kuelekeza upande wowote. Afanyiwe upasuaji wa moyo au aendelee na dawa, pale ambapo njia zote mbili zinakubalika kitabibu, ni uamuzi wa mgonjwa mwenyewe. Mbinu za kuamsha ari zina nguvu ya kusogeza watu. Kuzitumia hapo ni kumsogeza mtu kuelekea chaguo lako, jambo lisilo la haki.

Kuna pia huzuni. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hupata sonona kali baada ya mshtuko wa moyo. Mtu wa namna hiyo anaweza kukujibu sifuri kwenye kila kipimo, na tafsiri ya haraka ni kwamba hana nia. Huenda anaumwa ugonjwa wa pili ambao haujatibiwa. Ulizia usingizi wake, hamu yake ya kula, na kama bado kuna kinachomfurahisha, kabla ya kuendelea na habari za chumvi.

Inafanya kazi kiasi gani?

Inafanya kazi kwa kiasi, na ni vizuri kulisema bila kupamba. Uchambuzi wa Sune Rubak na wenzake wa mwaka 2005, uliohusisha majaribio 72 ya maradhi na tabia mbalimbali, uliikuta njia hii ikishinda utoaji wa ushauri wa kawaida, na hata mazungumzo ya dakika 15 yalileta matokeo katika asilimia 64 ya tafiti zilizotumia muda huo. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2013, wa majaribio 48 yaliyofanyika hospitalini na kliniki, ulikuta faida ya wastani. Kwa moyo hasa, jaribio la MOTIVATE-HF la Italia liliwachukua wagonjwa 510 wa moyo uliodhoofika pamoja na wanaowatunza. Waliozungumzwa nao kwa njia hii, kikao kimoja na simu chache za kufuatilia, waliongeza uwezo wa kujitunza kuliko wengine baada ya miezi mitatu. Mwongozo wa kinga ya magonjwa ya moyo wa jumuiya ya madaktari wa moyo ya Ulaya, uliotoka mwaka 2021, unaitaja miongoni mwa njia za kuzungumza na wagonjwa.

Upande wa pili kuna jaribio la MOVE IT la kusini mwa London, lililohusisha watu 1,742 wenye hatari kubwa ya kuugua moyo. Baada ya miezi 24, waliopata programu hii iliyoongezewa mbinu nyingine za saikolojia hawakuwa wametembea zaidi wala kupungua uzito zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Naliheshimu tokeo hilo. Uzito na mwendo havitegemei ari peke yake. Vinategemea pia kazi anayofanya mtu, muda anaobaki nao, kipato na barabara anayoishi kando yake, na mazungumzo hayajengi njia ya waendao kwa miguu. Tena ari iliyoamshwa leo huhitaji kurudiwa. Anayetarajia kikao kimoja kibadilishe maisha ya mtu ameitwisha njia hii mzigo ambao hakuna dawa ya moyo inayotwishwa: hakuna anayemeza kidonge cha shinikizo mara moja akangoja matokeo ya mwaka ujao.

Jamaa wa mgonjwa huuliza kama nao wanaweza kuitumia. Ufundi wote, hapana, kwa sababu mke au mtoto ana maumivu yake na hawezi kukaa mbali nayo. Ila sehemu moja wanaiweza leo hii: kuacha kuhesabu. Kuhesabu sigara zilizobaki kwenye pakiti, kuhesabu vijiko vya chumvi, kunusa nguo. Badala yake wamuulize mgonjwa angependa asaidiweje, na wafanye hicho alichokisema hata kama wanaona ni kidogo.

Kwa wahudumu, somo la siku mbili halitoshi. Miller na Kathleen Mount waliligundua hilo mwaka 2001: waliohudhuria warsha waliamini wamebadilika, lakini sauti zilizorekodiwa za vikao vyao zilionyesha wateja wao wakijibu karibu vilevile kama zamani. Utafiti wa mwaka 2004 ukaonyesha kinachosaidia, yaani kurudishiwa tathmini ya vikao vyako halisi na kuwa na mtu wa kukunoa. Hakuna gharama kubwa hapo. Mhudumu anarekodi kikao kimoja kwa idhini ya mgonjwa, anakaa na mwenzake, wanahesabu mambo mawili: maswali aliyouliza, na mara alizorudisha maneno ya mgonjwa kwa kauli. Kipimo kinachotumiwa na wakufunzi wa njia hii huanzia kauli moja kwa kila swali moja kwa anayeanza kuimudu, na kauli mbili kwa kila swali kwa aliyeiva.